Simu Tuliyoinunua na Simu Tunayoihitaji

Maneno ya Kamati Ndogo ya Mawasiliano kwenye chakula cha jioni cha harambee ya mwaka, Dar es Salaam



Mwaka juzi, kwenye ukumbi kama huu, tulisimama mbele yenu tukaomba fedha za kununua simu kwa ajili ya wahudumu wa afya wa vijiji vyetu vya milimani. Mkatoa, tena mkatoa vizuri, wengine mkatoa hapo hapo na wengine mkaahidi na kutimiza. Tukanunua simujanja 12. Zilikuwa nzuri kwa macho, zenye kioo kipana, kamera mbele na nyuma. Tulipiga nazo picha siku ya kuzikabidhi na picha hiyo ikatoka kwenye kitabu hiki cha mwaka uliofuata. Mtaikumbuka.

Leo tumekuja kuomba tena, lakini kabla ya kuomba tunadaiwa maelezo, na Mwenyekiti ametupa dakika ishirini. Simu zile hazikufanya kazi tuliyozinunulia. Kuna zilizokuwa zinazima saa sita mchana. Kuna zilizokuwa zinaonyesha mtandao upo, lakini ukipiga hupati. Katika masika ya mwaka jana, usiku wa mvua, mama mmoja wa kitongoji cha juu alishikwa na uchungu. Ndugu zake walimpigia mhudumu mara nne. Simu ya mhudumu ilikuwa imekwisha chaji tangu mchana, na sola ya dukani anakochajia ilikuwa haijapata jua siku tatu. Kijana akatumwa kwa miguu, akavuka korongo gizani. Mhudumu alipofika, na gari lilipopatikana, kulikuwa kumekucha. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Familia ile haikutulaumu. Tulikwenda kuwapa pole na wakatupokea vizuri, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Tukarudi Dar tukajiuliza: tulinunua nini hasa? Katika kamati yetu yupo fundi anayefungua simu kila siku, yupo aliyesomea uhandisi wa mawasiliano, na yupo muuguzi mstaafu. Wote watatu, siku ya kununua, tuliangalia kioo na kamera na bei. Hakuna aliyeuliza simu ile ilibuniwa kwa ajili ya nani na mahali gani. Ndiyo maana jioni hii tunataka kuwaeleza simu ya mkononi inavyobuniwa, ili safari hii anayetoa shilingi yake ajue inakwenda kununua kitu gani, na atukamate tukikosea tena.

Tuanze na mambo yenyewe. Tarehe 3 Aprili 1973, mhandisi wa Motorola aitwaye Martin Cooper alisimama barabarani mjini New York, akampigia simu Joel Engel wa Bell Labs, mshindani wake katika kazi hiyo hiyo, kumweleza kwamba anampigia kwa simu ya kushika mkononi. Simu ile ilikuwa na uzito wa kilo moja na ushee. Uliweza kuongea nayo nusu saa hivi, kisha ukaichaji saa kumi. Cooper amekuwa akitania kwamba betri kwisha halikuwa tatizo, kwa sababu hakuna mkono ambao ungeweza kuinyanyua muda mrefu zaidi ya hapo. Kutoka siku ile mpaka simu ya aina hiyo kupata kibali cha kuuzwa Marekani ilipita miaka kumi, mpaka 1983, na bei yake ilikuwa dola 3,995. Tazameni basi: tangu siku ya kwanza kabisa mgogoro ulikuwa betri. Hata sisi kule mlimani tulishindwa na kitu kile kile.

Simu ya mkononi ni redio. Hili watu hulisahau kwa sababu ya picha na muziki. Ni redio inayopokea na kutuma, na upande wa pili wa mazungumzo kuna mnara. Zamani, kabla ya mfumo huu, mnara mmoja mkubwa ulihudumia mji mzima, na watu wachache tu ndio walioweza kuongea kwa wakati mmoja, kwa maana masafa ya redio ni machache. Wahandisi wa Bell Labs walikwishaandika tangu 1947 wazo la kugawa eneo katika vipande vidogo, kila kipande na mnara wake wa nguvu ndogo, ili masafa yanayotumika hapa yaweze kutumika tena kule mbele bila kugongana. Vipande hivyo ndivyo seli.

Sisi watu wa Upare hatuhitaji kufundishwa jambo hili kwa lugha ngumu. Babu zetu walichimba ndiva, wakakusanya maji usiku, asubuhi wakayafungulia mferejini kwa zamu. Maji ni yale yale, mfereji ni ule ule, lakini kila shamba lina saa yake. Mfumo wa GSM, ambao simu yake ya kwanza ya umma ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991, unafanya hivyo hivyo. Mkondo mmoja wa redio umegawanywa zamu nane. Simu yako inapata zamu yake kwa chini ya elfu moja ya sekunde, inanyamaza wengine saba wapite, kisha zamu yake inarudi. Inafanya hivyo mara 217 kila sekunde. Sauti yako inakatwa vipande vya elfu ishirini za sekunde, kila kipande kinabanwa kiwe kidogo, kinatumwa kwenye zamu yake, na upande wa pili kinaunganishwa na wenzake. Wewe unasikia shangazi yako anaongea moja kwa moja bila kukatika. Na ile sauti ya trrr-trrr-trrr inayosikika kwenye spika ya redio au kwenye kipaza sauti cha msibani sekunde mbili kabla simu haijaita, ndiyo hiyo: ni zamu zinafunguka na kufunga, na spika inazinasa.

Mnara nao una mpaka. Katika GSM ya kawaida simu ikiwa mbali kuliko kilomita 35 hivi, ujumbe wake unafika umechelewa zamu, unaangukia kwenye zamu ya jirani, kwa hiyo mfumo unaukataa. Lakini kwetu shida si kilomita. Kwetu shida ni mlima. Mnara uko bondeni au kwenye bega la mlima mwingine, na kati yake na kitongoji kuna mgongo wa jiwe. Mawimbi ya masafa ya chini, ya 700, 800 na 900, yanajipinda kidogo kwenye ukingo wa mlima na kushuka upande wa pili. Yale ya 1800 na 2100 yanapinda kwa shida zaidi. Ndiyo maana kuna nyumba nyumbani ambako mzee anajua kabisa kwamba mtandao unapatikana kwenye mgomba wa tatu tu, na ukisogea hatua mbili umeupoteza. Mzee yule hajasoma fizikia, lakini amepima.

Sasa mbunifu wa simu anapokaa mezani, anaanza na mgao. Ana nafasi ndogo kama sanduku la kiberiti kubwa, ana bei ambayo asiivuke, na ana betri. Ndani ya nafasi hiyo lazima aweke chipu kubwa inayoendesha mambo yote, chipu ya redio, kikuza nguvu cha kutuma mawimbi, kumbukumbu, maiki, spika, kioo, na antena. Antena ndiyo inayoonewa kila mara. Kwa masafa ya 900, antena iliyo rahisi kuibuni ingetaka urefu wa sentimita nane hivi, na mnakumbuka simu za zamani zilikuwa na kipembe juu. Wanunuzi wakataka simu nyembamba, kipembe kikafichwa ndani, kikakunjwa, na sasa kimezungukwa na chuma na betri na kamera. Fundi wetu akifungua simu feki, kitu cha kwanza anachokitazama ni hicho: waigaji wanajua mnunuzi haoni antena, basi wanaweka kipande cha bati kilichobandikwa ovyo. Na hata simu halali, ukiikumbatia kwa kiganja pale antena ilipo, unaipunguzia nguvu. Washikeni upande wa chini watu wenu wakiwa wanaongea, utani pembeni, wataona vijiti vya mtandao vinashuka.

Halafu kuna nguvu ya kutuma. Simu ya GSM kwenye masafa ya 900 inaruhusiwa kutuma mpaka wati mbili katika zamu yake. Ikiwa karibu na mnara, mnara unaiambia ipunguze sauti, nayo inatuma kwa nguvu ndogo sana, sehemu ndogo ya wati. Ikiwa mbali, au nyuma ya mlima, inaambiwa ipandishe mpaka mwisho. Hivyo simu ile ile, betri ile ile, mtu wa Kariakoo atakaa nayo siku mbili na mtu wa kitongoji cha juu ataimaliza siku moja. Aliyeko mbali analipa umeme mwingi zaidi kwa dakika ile ile ya maongezi, na ndiye asiyekuwa na umeme.

Tukifika hapo tunafika kwenye kosa letu. Simu zetu 12 zilikuwa na mitandao mitatu ndani yake: ile ya zamani ya 2G, ile ya 3G, na ile ya 4G. Simujanja imebuniwa ipende mtandao wa kasi zaidi, kwa sababu mbunifu alimfikiria mtu anayetazama video. Kitongojini kwetu 4G inafika kama harufu ya chakula cha jirani, unaisikia lakini huli. Simu inaing'ang'ania, inaipoteza, inashuka kwenye 3G, inaipoteza, inashuka kwenye 2G, dakika chache baadaye inapanda tena kutafuta. Kila kupanda na kushuka ni umeme. Wakati inahama, anayekupigia anaweza kuambiwa haupatikani. Na nyuma ya kioo programu zinaendelea kutafuta intaneti ambayo haipo. Zaidi ya hayo, fundi wetu alipozisoma namba zake, alikuta simu zile zilitengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine, na hazikuwa na mkanda wa 800 ambao sehemu nyingi za Ulaya na Afrika zinautumia kwa 4G. Ule mkanda unaojipinda mlimani, ndio zilikuwa hazina. Dukani hatukuambiwa, wala hatukuuliza.

Kuna jambo la kuona aibu zaidi, na tunalisema kwa sababu lazima lisemwe hapa na si mtaani. Katika mipangilio ya simu zile kulikuwa na mahali pa kuchagua 2G peke yake. Tulipanda mlimani Desemba, tukachukua simu tatu, tukaziweka 2G tu, tukafuta programu zisizohitajika. Simu zile zile zikakaa na chaji mpaka jioni ya siku ya pili. Kwa hiyo dawa ya nusu ya tatizo ilikuwa kidole na dakika moja, bila shilingi hata moja. Tungekwenda siku ya kukabidhi tukiwa na bisibisi na muda, badala ya kamera, tungelijua.

Tuwaambie sasa habari ya watu walioangalia vizuri kabla ya kubuni. Mwaka 2003 Nokia walitoa simu ya 1100. Wengi wenu mliishika, na wengine mliinunua kama simu yenu ya kwanza. Ilikuwa na vitufe vilivyofunikwa kwa mpira mmoja usiopitisha vumbi, ubavu usioteleza kwenye mkono wenye jasho, na tochi kichwani. Tochi! Mhandisi aliyezoea taa za barabarani asingeifikiria. Aliyefikiri alikuwa ametazama namna watu wanavyoishi usiku pasipo umeme. Simu ile ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na mpaka leo kwa lugha yetu simu ndogo yoyote inaitwa kitochi, jina lililotokana na tochi na si na kampuni. Miaka minne baadaye, kwenye 1200, wakaweka orodha tano tofauti za majina ndani ya simu moja, na namna ya kupima gharama ya kila anayepiga, kwa sababu waligundua kwamba sehemu nyingi simu moja inatumiwa na nyumba nzima au kijiji kizima. Sisi tulioazima simu ya mwalimu mkuu ili kumbipu kaka aliyeko Dar tunaelewa jambo hilo.

Bei nayo ilibuniwa, haikushuka yenyewe. Chama cha kampuni za simu duniani kilitangaza zabuni ya simu ya chini ya dola 40 kwa ajili ya nchi zetu, na mwaka 2005 Motorola wakaishinda. Baadaye bei hiyo ikateremshwa chini ya dola 30. Upande mwingine, watengenezaji wa chipu kama MediaTek wa Taiwan walianza kuuza chipu pamoja na mchoro mzima wa simu na programu zake. Ilimaanisha kwamba kiwanda kidogo cha Shenzhen, kisicho na wahandisi wa redio, kingeweza kutoa simu ndani ya miezi michache kwa kubadilisha ganda na vitufe. Huko ndiko zilikotoka simu za laini mbili zilizotuokoa kwenye gharama za kupiga mtandao mwingine, na huko huko ndiko zilikotoka simu feki zilizotutia hasara. Mnakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu zisizo na namba halali. Kwa vijana ambao hawakuwa na simu wakati ule: bonyezeni *#06#, mtaona tarakimu 15. Nane za kwanza zinasema ni simu ya aina gani, zinazofuata ni za simu hiyo moja peke yake, na ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu. Kuanzia sasa kamati haitalipia simu yoyote kabla namba hiyo haijasomwa na kulinganishwa na kilichoandikwa kwenye boksi.

Wapo wanaotuuliza, kwa nini msinunue tu vitochi vya 2G, vya bei ndogo, mambo yaishe? Hili lilituchukua vikao vitatu na hatukukubaliana mara moja. Fundi wetu alisema vitochi, muuguzi alisema vitochi, mhandisi akakataa. Hoja yake ilikuwa hii. 2G ina zaidi ya miaka thelathini, na nchi nyingine zimekwisha kuizima ili masafa yake yatumike kwa mitandao mipya. Kampuni kubwa ya Australia ilizima ya kwake Desemba 2016. Kwetu bado inatumika sana na hatusemi itazimwa kesho, lakini simu tunayoinunua kwa michango ya watu isiwe ya kutupwa siku mnara utakapobadilishwa. Na 4G ina jambo ambalo wengi hawalijui: ilibuniwa kwa ajili ya data tu. Haina njia ya sauti ya zamani. Ukiwa kwenye 4G na simu ikaingia, ama simu yako inateremka kwenye 2G au 3G ili uongee, ama sauti yenyewe inafungwa kama data na kupita kwenye 4G. Njia hii ya pili inataka simu iliyobuniwa kwa ajili hiyo, na inataka pia mtandao uikubali simu ya aina hiyo. India walikwisha kufanya: mwaka 2017 ikatoka JioPhone, simu ndogo ya vitufe inayotumia 4G peke yake, kwa sababu mtandao wake haukuwa na 2G hata kidogo. Basi vitochi vya 4G vipo, vinabuniwa, na bei yake haiko mbali sana na ile ya kitochi cha kawaida.

Tulichokubaliana ni kitochi chenye 2G na 4G, chenye mkanda wa 800 na wa 900, tochi, laini mbili, na betri ya kutoa na kubadilisha. Betri ya kutoa ndiyo aliyoishikilia muuguzi wetu mpaka mwisho. Alisema hivi: mhudumu akiwa na betri ya pili mfukoni, iliyojaa, hana haja ya kuomba jua. Betri hizi za lithiamu hazipendi mambo mawili, joto kali na kukaushwa mpaka mwisho. Tutawaeleza wahudumu wasizisubiri zife ndipo wazichaji, kama vile usivyongoja ndiva ipasuke udongo ndipo uanze kukusanya maji.

Je, data? Kazi ya mhudumu haina video. Anatuma taarifa ya mama mjamzito, anaita gari, anapokea jibu kutoka zahanati. Meseji ya herufi 160 inatosha. Tena meseji ina fadhila yake, kwani haipiti kwenye zamu za sauti, inapita kwenye mfereji mdogo wa maagizo ambao simu na mnara huutumia kusemezana, na kama simu imezimwa inakaa ikingoja. Pale sauti inapokatika, mara nyingi meseji inapenya. Hata M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007 na kufika kwetu mwaka uliofuata, haikuhitaji simujanja. Waliobuni waliingiza menyu ndani ya laini yenyewe, ikafanya kazi kwenye simu ya kila mtu, na ndiyo maana mama wa tangawizi kule Mamba Myamba analipwa akiwa shambani. Zile simujanja tulizozinunua hazitatupwa: saba ambazo bado ni nzima tutazipeleka kwenye zahanati na ofisi za kata, mahali penye umeme, kwa kazi za picha na fomu.

Tuseme neno moja la pembeni, kwa sababu aliuliza kijana mmoja kwenye kikao cha Tanga kama hatuwezi kuunda simu yetu wenyewe. Kuunganisha vipande inawezekana na majirani wamejaribu. Kigali kilifunguliwa kiwanda cha simu Oktoba 2019, na Athi River nchini Kenya kilifunguliwa kingine mwaka 2023. Kubuni chipu ya redio ni jambo lingine, la mabilioni na la miaka. Ila tusijione wageni kabisa kwenye simu. Koltani inayotoa tantali ya vile vidude vidogo kwenye bodi, sehemu kubwa inachimbwa mashariki ya Kongo, na kobalti ya betri inachimbwa Katanga, na wanaoichimba wanasalimiana kwa Kiswahili. Vitu hivyo vinatoka kwa ndugu zetu kwa gunia, vinarudi kwetu ndani ya boksi.

Turudi kwenye kazi. Mtengenezaji makini hatoi simu kiwandani akaipeleka dukani. Anatengeneza chache, anaziangusha, anazitia joto, anapima nguvu ya mawimbi yanayoingia kichwani mwa mtumiaji yasivuke kiwango, halafu watu wanazunguka nazo kwa magari kutoka mnara mpaka mnara wakiandika wapi zimekata. Sisi hatukufanya hata hilo la mwisho, ambalo ni la bure. Safari hii tutanunua simu mbili za aina mbili, nne jumla. Zitakaa milimani mwezi mzima wa Aprili, mvua ikinyesha, mikononi mwa wahudumu wanne ambao wamekwisha kukubali. Wataandika kwenye daftari kila siku: chaji asubuhi, chaji jioni, wapi imeshika, wapi imekataa. Hao wahudumu wanne, wote akina mama, ndio watakaochagua. Kamati itapokea uamuzi wao na kuulipia.

Pamoja na simu tunaomba betri moja ya akiba kwa kila mhudumu, sola ndogo yenye chaja ya betri za kutoa kwa kila kitongoji kisicho na umeme, na nauli na vifaa vya vijana wawili wa nyumbani ambao fundi wetu amejitolea kuwafundisha dukani kwake Kariakoo kwa miezi mitatu, ili maiki ikifa au tundu la chaji likilegea simu isisafiri mpaka Dar. Bei zote ziko kwenye jedwali la mweka hazina, ukurasa unaofuata, pamoja na hesabu ya fedha za mwaka juzi: zilizotumika, na hasara ilivyo. Hatukuificha.

Kuhusu mnara wenyewe, tumeandika barua ya kuomba kitongoji cha juu kiingizwe kwenye maeneo yanayopelekewa mawasiliano na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Serikali za vijiji zimetia sahihi. Wazee wa kijiji wametenga kiwanja kwenye mgongo wa mlima, na wamesema siku kibali kikitoka, njia ya kupandishia vyuma itachimbwa kwa msaragambo kama tulivyozoea, kila nyumba mtu mmoja na jembe lake. Hilo halihitaji fedha zenu jioni hii, linahitaji subira, na anayefahamu mlango wa kugonga atuone.

Baba wa yule mtoto yuko nasi kwenye orodha ya waliojitolea kubeba simu za majaribio kutoka Same mjini mpaka juu. Alituomba kitu kimoja tu: ya mhudumu wa kitongoji chake tuiwashe mbele yake, tumpigie, aisikie ikiita.

Fomu za ahadi ziko mezani kwenu, na mweka hazina amekaa karibu na mlango.